Anayeiamsha Kompyuta Ndiye Mwenye Funguo

Katika kila kambi yupo mtu mmoja anayeamka kabla ya wengine wote. Huenda hana cheo kikubwa, wala jina lake halitajwi katika gwaride. Lakini ndiye ashikaye funguo za lango, ndiye awashaye taa ya ofisi ya zamu, na ndiye apulizaye tarumbeta ili kikosi kizima kiamke. Akifanya kazi yake vema hakuna amkumbukaye. Akisinzia, au akiwa amenunuliwa na adui, silaha zilizomo ghalani na maofisa waliolala majumbani mwao hawafai kitu, kwa maana siku imekwisha kuharibika kabla haijaanza.

Kompyuta nayo ina mlinzi wa namna hiyo. Ni programu ndogo inayotangulia kufanya kazi mara umeme uingiapo, na mara nyingi huwa imekwisha kumaliza kazi yake kabla mtumiaji hajaona chochote katika kioo. Mafundi huiita butiloda. Katika ukurasa huu itaitwa programu ya kuamshia. Jina hilo la kigeni lina asili ya kuchekesha, na askari watalifahamu upesi: limetokana na usemi wa Kiingereza juu ya mtu anayejaribu kujiinua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe.

Si kompyuta za mezani peke yake zilizo na mwamshaji. Simu ya mkononi, kisanduku cha intaneti kinachomulika taa sebuleni, king'amuzi cha televisheni, na hata kifaa cha kusomea vitabu vya elektroni, vyote huamshwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo swali la nani aliyeiandika programu hiyo, na nani ana ruhusa ya kuisoma, si la mafundi tu. Linaihusu kila nyumba iliyo na kifaa cha aina hiyo.

KWA NINI MWAMSHAJI ANAHITAJIWA

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, huamka ikiwa haijui lolote. Kumbukumbu kuu, yaani mahali ambapo programu hukaa wakati zinapofanya kazi, husahau kila kitu umeme unapokatika. Mfumo endeshi, kama vile Linux, umehifadhiwa katika diski au katika kadi ya kumbukumbu. Lakini prosesa iliyoamka sasa hivi haijui hata jinsi ya kuisoma diski hiyo. Elimu ya kuisoma diski imo ndani ya mfumo endeshi, na mfumo endeshi umo ndani ya diski. Ni sawa na mtu aliyefungiwa nje ya nyumba, na ufunguo ukabaki mezani ndani.

Fumbo hilo hufumbuliwa kwa hatua. Ndani ya prosesa yenyewe watengenezaji huchonga amri chache zisizofutika. Amri hizo zina akili ndogo tu: zinajua kutafuta programu nyingine, kubwa kidogo, mahali palipopangwa. Programu hiyo ya pili huiamsha kumbukumbu kuu, kisha huita ya tatu, na ya tatu huita mfumo endeshi. Kila mmoja humkabidhi mwenzake zamu na funguo. Haba na haba hujaza kibaba. Mashine iliyoanza bila elimu yoyote, katika muda wa sekunde chache tu, huwa tayari kumtumikia mwenyewe.

WATU WAWILI WA MWAKA 1999

Kwa miaka mingi programu ya kuamshia ilikuwa mali ya mtengenezaji wa mashine. Mnunuzi alipewa mashine pamoja na mlinzi wake, lakini hakuruhusiwa kumhoji mlinzi huyo wala kumbadilisha. Mwaka 1999 watu wawili, mmoja Marekani na mwingine Ujerumani, walianza kuigeuza hali hiyo, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza ni Ron Minnich, aliyekuwa akifanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Los Alamos, jimbo la New Mexico. Huko walikuwa wakiunganisha kompyuta nyingi ili zifanye kazi kama moja. Mashine moja ikishindwa kuwaka, programu yake ya kuamshia iliweza kumdai mtu aje abonyeze kitufe. Jambo hilo ni dogo mbele ya kompyuta moja, bali mbele ya mamia ni mateso. Minnich na wenzake wakaamua kuandika mwamshaji wao wenyewe. Kazi yao iliitwa LinuxBIOS, na tangu mwaka 2008 inajulikana kwa jina la coreboot.

Wa pili ni Wolfgang Denk wa Ujerumani. Yeye aliichukua programu ndogo iliyoandikwa na Magnus Damm kwa ajili ya prosesa za jamii ya PowerPC, akaiweka mahali pa wazi ili watu wengine waisome na kuiongezea. Programu hiyo ilikuwa ikiitwa 8xxROM, lakini ghala la programu la SourceForge halikukubali jina linaloanza na tarakimu. Hivyo ikapewa jina la PPCBoot. Mwezi wa Novemba 2002, ilipokwisha kupanuka hata ikaweza kuamsha prosesa za jamii nyingine, ikabadilishwa jina tena, ikawa U-Boot, yaani mwamshaji wa wote. Kwa Kijerumani neno hilo hilo ni nyambizi, na Denk hakuuficha mzaha wake: jina kamili la programu ni Das U-Boot. Jina hilo linafaa, kwa sababu kama nyambizi, programu hii hufanya kazi chini bila kuonekana.

Programu zote mbili ni huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya asili yako wazi kwa kila mtu. Leseni yake inamruhusu yeyote kuyasoma, kuyabadilisha na kuwagawia wengine, kwa sharti kwamba anayegawa programu iliyojengwa kwayo naye awape wapokeaji maandishi yake. Denk aliiongoza U-Boot mpaka mwaka 2012, ndipo alipomkabidhi Tom Rini usukani. Alifariki dunia mwezi wa Oktoba 2022. Siku aliyofariki hakuna kifaa kilichozimika, wala hakuna kampuni iliyoondoka na siri yake. Kazi iliendelea, na toleo jipya huendelea kutolewa takriban kila baada ya miezi 3. Hilo nalo ni fundisho. Lindo lililopangwa vema halimtegemei mtu mmoja.

LUGHA MPYA YA PROSESA

Kila jamii ya prosesa ina lugha yake ya amri. Lugha hiyo ndiyo iitwayo usanifu. Kompyuta nyingi za mezani hufuata usanifu wa x86, na simu nyingi hufuata usanifu wa ARM. Lugha hizo zina wenyewe. Anayetaka kutengeneza prosesa inayozifahamu sharti kwanza apate ruhusa, na mara nyingi sharti alipe.

Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Krste Asanović na wanafunzi wake Andrew Waterman na Yunsup Lee, pamoja na David Patterson, walianza kubuni lugha ya prosesa ambayo haitakuwa mali ya kampuni yoyote. Waliiita RISC-V, alama ya mwisho ni tano ya Kirumi, kwa kuwa ulikuwa usanifu wa tano wa aina hiyo kutoka chuo hicho. Amri zake za msingi hazifiki 50, na nyingine huongezwa kwa makundi kadiri ya haja. Mwaka 2015 uliundwa umoja wa kuusimamia usanifu huo, na mwaka 2020 makao yake ya kisheria yalihamishiwa Uswisi, ili nchi na kampuni mbalimbali zishiriki pasipo hofu.

Watu wengi walifurahi, na baadhi yao walifurahi kupita kiasi. Walidhani kwamba lugha ikiwa huru, basi mashine nayo ni huru. Sivyo. Lugha ya Kiswahili haina mwenyewe, lakini barua iliyoandikwa kwa Kiswahili inaweza kufungwa kwa lakiri. Vivyo hivyo prosesa inaweza kufuata usanifu ulio wazi, huku sehemu nyingine za kipande kile kile cha silikoni zikiwa siri ya mtengenezaji. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2018.

UBAO WA MWAKA 2018

Mwezi wa Februari 2018 kampuni ya SiFive, iliyoanzishwa na watu waliotoka katika kazi ile ya Berkeley, iliutangaza ubao uitwao HiFive Unleashed. Ulikuwa ubao wa kwanza wa RISC-V kuuzwa kwa watu ukiwa na uwezo wa kuendesha Linux. Ulikuwa na viini vinne vya kazi na kimoja cha usimamizi, kumbukumbu kuu ya gigabaiti 8, na bei ya dola 999. Bei hiyo si ya mtu wa kawaida. Walioununua hasa ni mafundi waliotaka kuandaa njia kwa watakaofuata.

Mafundi hao walipoufungua mfululizo wa kuamsha, walikuta hatua moja ina giza. Ilikuwa hatua ya kuiamsha kumbukumbu kuu. Kumbukumbu za siku hizi haziamki kwa kupewa umeme tu. Sharti zipimwe, nyakati za kupeleka na kupokea habari zirekebishwe kwa sehemu ndogo mno za sekunde, na kifaa kinachozidhibiti kijazwe tarakimu nyingi mahali pake. Kifaa hicho cha kudhibiti hakikubuniwa na SiFive yenyewe. Kilipatikana kwa kampuni nyingine. Basi programu ya hatua hiyo ilitolewa ikiwa imefungwa, bila maandishi yake ya asili.

Ron Minnich, yule yule wa Los Alamos, alilieleza jambo hilo hadharani katikati ya mwaka 2018. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: ikiwa hatua moja ya mwanzo imefungwa, basi ubao huo, pamoja na sifa zote za usanifu wake, hauzidi kwa uwazi nyingi za mbao zilizoutangulia. Kazi ya mwamshaji ni kama mnyororo. Pete moja ikifichwa, hakuna awezaye kuapa kwamba mnyororo ni mzima.

Jambo la kupendeza ni lililofuata. Kampuni haikugomba wala haikunyamaza. Mwaka huo huo ilitoa maandishi ya asili ya programu zake za kuamshia za ubao ule, pamoja na orodha ndefu za tarakimu zinazojazwa katika kidhibiti cha kumbukumbu. Nyingi za tarakimu hizo hazikuwa na maelezo, lakini zilitosha. Waandishi wa coreboot wakazitumia, na mwaka 2020 U-Boot nayo ikapata uwezo wa kuuamsha ubao huo tangu hatua ya kumbukumbu mpaka mfumo endeshi. Malalamiko yenye hoja, yaliyosemwa kwa adabu mbele ya watu, yalifungua mlango.

HATUA KWA HATUA

Yafaa msomaji aone jinsi zamu inavyopokezanwa katika ubao huo, kwa kuwa utaratibu wenyewe unafanana na ule wa kambini.

Kwanza, prosesa huanza kwa amri zilizochongwa ndani yake. Amri hizo hutazama swichi ndogo nne zilizoko juu ya ubao. Mpangilio wa swichi ndio unaosema mwamshaji wa pili atafutwe wapi: katika kumbukumbu ya kudumu iliyobandikwa ubaoni, au katika kadi.

Pili, sehemu ndogo ya U-Boot huingia kazini. Kwa kuwa kumbukumbu kuu ingali imelala, sehemu hii haina mahali pa kukaa. Hivyo hujibanza katika hifadhi iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ambayo jumla yake ni megabaiti 2. Ni kama mpishi anayeanza kuwasha moto akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu jiko bado halijafunguliwa. Kazi yake kubwa ni kuiamsha kumbukumbu kuu.

Tatu, huitwa programu nyingine huria iitwayo OpenSBI, iliyotolewa mwaka 2019 kwa kuanzishwa na kampuni ya Western Digital. Hapa msomaji sharti afahamu kwamba RISC-V ina ngazi za madaraka, kama vyeo. Ngazi ya juu kabisa inaweza kugusa kila kitu katika mashine. Ya kati ni ya mfumo endeshi. Ya chini ni ya programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua. OpenSBI hukaa katika ngazi ya juu, na haiondoki hata mfumo endeshi ukisha amka. Ni afisa wa zamu: mfumo endeshi ukitaka kuzima mashine au kuamsha kiini kingine, hauvunji mlango, bali hupeleka ombi kwake.

Nne, sehemu kubwa ya U-Boot hushika zamu katika ngazi ya kati. Huhesabu sekunde chache na kumpa fundi nafasi ya kuizuia kwa kubonyeza kitufe. Asipoizuia, hufuata maagizo iliyohifadhiwa: hutafuta mfumo endeshi katika kadi, katika diski, au hata katika kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao.

Tano, huuweka mfumo endeshi katika kumbukumbu kuu na kuukabidhi mambo mawili tu: namba ya kiini kinachoendesha kazi wakati huo, na anwani ya orodha ya vifaa vyote vilivyomo ubaoni. Kisha huondoka. Makabidhiano ya zamu hayana maneno mengi. Yana daftari na sahihi.

Viini navyo vina nidhamu yake. Umeme ukiingia, viini vyote huweza kuamka kwa wakati mmoja, na vyote vikikimbilia kazi ile ile pangekuwa na fujo. Kwa hiyo huwekwa alama moja katika kumbukumbu. Kiini kitakachoigusa kwanza ndicho kitakachofanya kazi ya kuamsha, na vingine hungoja, vimetulia, mpaka viitwe kwa zamu.

MUHURI, NA FUNDISHO LA MWAKA 2020

Mlinzi wa lango hamruhusu mtu kuingia kwa sababu amevaa sare tu. Humuuliza neno la siri. U-Boot inaweza kufanya hivyo hivyo. Mwenye mashine hutengeneza funguo mbili zinazoendana. Mmoja ni wa siri, naye huuficha na kuutumia kuutia muhuri mfumo endeshi wake. Wa pili ni wa wazi, nao huwekwa ndani ya U-Boot. Kila mara mashine iwakapo, U-Boot huuhakiki muhuri kwa ufunguo wa wazi. Mtu akibadilisha hata herufi moja ya mfumo endeshi, muhuri hautalingana, na mashine itakataa kuendelea.

Lakini hapa lipo swali la kutazamwa kwa makini: ufunguo wa siri uko mikononi mwa nani? Ukiwa mikononi mwa mwenye kifaa, muhuri ni kinga yake. Ukiwa mikononi mwa mtengenezaji peke yake, muhuri ule ule ni kufuli. Mtengenezaji akiacha kukihudumia kifaa, hata kama chuma chake kingali kizima, mwenye nacho hawezi kukitilia mfumo endeshi mwingine. Vifaa vingi vimeishia jalalani kwa sababu hiyo.

Wala asidhani mtu kwamba neno huria peke yake ni hirizi. Mwezi wa Julai 2020 lilitangazwa kosa katika GRUB, programu huria inayotumika sana kuanzisha Linux katika kompyuta za kawaida. Programu hiyo husoma faili moja ya maagizo. Ilionekana kwamba mtu aliyekwisha kupata madaraka ya msimamizi aliweza kuliandika faili hilo kwa hila hata likamwaga maneno nje ya mipaka yake, na hivyo akaingiza amri zake mwenyewe kabla mfumo endeshi haujaamka. Ukaguzi wa mihuri ulipitwa, kwa maana mlinzi aliyekuwa na muhuri halali ndiye aliyedanganywa. Kosa hilo lilikuwa wazi mbele ya macho ya watu kwa miaka, na hapakuwa na aliyeliona.

Kulipotangazwa, watu wengi waliketi kuyasoma maandishi hayo upya, wakapata makosa mengine, nayo yakarekebishwa. Marekebisho yenyewe yalipopelekwa kwa haraka, baadhi ya kompyuta zilishindwa kabisa kuwaka. Mafundisho hapo ni mawili. Kwanza, mlango ulio wazi kwa wakaguzi hauna faida kama wakaguzi hawaji. Pili, mkono unaomgusa mwamshaji sharti uwe mtulivu, kwa sababu kosa lake haliharibu programu moja, bali huizuia mashine nzima isiamke.

YANAYOFAA NYUMBANI

Kwa jamaa wa askari, ambao mara nyingi huhamishwa kutoka kituo hadi kituo na kubeba vifaa vyao katika masanduku, yapo mambo machache ya kushika.

La kwanza: kisanduku cha intaneti, king'amuzi au simu inapoandika toleo jipya la programu zake, umeme usikatwe. Huenda wakati huo ndipo mwamshaji mwenyewe anapobadilishwa. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ni bora kungoja saa yenye utulivu, au kuhakikisha betri imejaa. Watoto waonywe wasiguse plagi.

La pili: kifaa kilichokataa kuwaka baada ya kazi ya namna hiyo kisitupwe upesi. Mafundi husema kimegeuka tofali, lakini matofali mengine hufufuka. Vingi kati ya vifaa hivyo vina pini tatu au nne ndogo ndani yake, ambazo fundi huweza kuziunga kwa waya wa siriali na kuzungumza na mwamshaji moja kwa moja. Fundi anayejifunza akumbuke kanuni hizi: pini ya kupelekea ya upande mmoja iungwe na pini ya kupokelea ya upande wa pili, pini za ardhi ziungwe pamoja, na waya wa umeme wa kifaa cha kuungia uachwe bila kuungwa. Volti nazo zipimwe kwanza. Mbao nyingi za siku hizi hutumia volti 3.3 kwa pini hizo, na waya wa volti 5 unaweza kuziunguza. Mwendo wa mazungumzo unaotumika mara nyingi ni biti 115,200 kwa sekunde. Ukikosewa, kioo hujaa alama zisizosomeka, na anayejifunza hudhani ubao umekufa kumbe ni masikio tu hayasikilizani.

La tatu: anayetaka kumbadilisha mwamshaji wa ubao wake aanze kwa kadi, asianze kwa kumbukumbu ya kudumu iliyobandikwa ubaoni. Kadi ikiharibika huchomolewa, ikaandikwa upya katika kompyuta nyingine. Na kabla hajafuta chochote, achukue nakala ya kilichokuwepo. Askari haachi lindo kabla mwenzake hajafika.

La nne: kijana aliye shuleni, au askari wa mawasiliano anayependa elimu hii, hana haja ya kununua ubao wa bei kubwa ili aanze. Ipo programu huria iitwayo QEMU, inayoigiza mashine nzima ya RISC-V ndani ya kompyuta ya kawaida. Huchukua maandishi ya asili ya U-Boot na ya OpenSBI, huchagua mpangilio uliotayarishwa kwa ajili ya mashine hiyo ya kuigiza, huyajenga kuwa programu, kisha huiwasha. Ataona katika kioo OpenSBI ikijitambulisha, halafu U-Boot ikihesabu sekunde zake. Akiizuia, ataweza kuiuliza ina maagizo gani, kuyabadilisha, na kuiwasha tena. Akikosea, hakuna kilichoungua. Huifunga na kuanza upya. Kujifunza kwa namna hiyo hakugharimu zaidi ya subira.

La tano: mtu anaponunua kifaa cha bei kubwa, pamoja na kuuliza rangi yake na ukubwa wa kioo chake, na aulize pia kama mwenye kifaa anaruhusiwa kubadilisha programu ya kuamshia, na kama maandishi yake ya asili yanapatikana. Huenda muuzaji asijue la kujibu. Hata hivyo swali linaloulizwa na wanunuzi wengi hufika kwa mtengenezaji siku moja, kama lilivyofika mwaka 2018.

Asiwepo atakayedanganyika kwamba uwazi huo umekwisha kukamilika. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel, hata zile zinazoamshwa kwa coreboot, hutegemea kipande kilichofungwa cha mtengenezaji ili kuiamsha kumbukumbu. Katika ubao maarufu wa Raspberry Pi, unaofuata usanifu wa ARM, hatua za kwanza hufanywa na programu iliyofungwa kabla ya U-Boot kupewa nafasi. Na katika RISC-V yenyewe zile amri zilizochongwa ndani ya silikoni haziwezi kubadilishwa na mnunuzi. Mnyororo ungali na pete zilizofichwa. Tofauti ya leo na mwaka 1999 ni kwamba pete zilizo wazi ni nyingi zaidi, na zile zilizofichwa zinajulikana ni zipi.

Mlinzi mwema haoni haya kukaguliwa. Afisa wa ukaguzi afikapo usiku wa manane na tochi yake, mlinzi mwema husimama wima, hutaja namba yake, huonyesha daftari na funguo. Anayekataa kumulikwa ndiye wa kuogopwa. Mashine zinazoingia majumbani, mahospitalini na katika vituo vya polisi zinapaswa kuwa na mlinzi wa namna ile ya kwanza. Na wapaswao kushika tochi ni vijana ambao leo wangali darasani.